Mama, Nishikie Mkoba

Itangazwe kwa umma wote, walioketi na waliosimama, kwamba hii ni hadithi ya vita vikuu. Ndani yake mna shujaa, mna adui mwenye makao ya ghorofa na lifti, mna silaha ya siri, na mna asubuhi moja ambayo hatima ya taifa zima ilining'inia kwenye uzi mwembamba. Wenye mioyo dhaifu wanaombwa kukaa karibu na mlango.

Sasa ukweli. Taifa lenyewe ni nyumba ya vyumba viwili na sebule. Shujaa ni fundi rangi. Adui ni kampuni ya bima, ambayo kusema haki haikuwa na ugomvi na mtu. Silaha ya siri ni bandeji. Na uzi mwembamba ni ule ulioshikilia kifungo cha shati. Kwa ufupi, hii ni hadithi ya mtu mzima kuvaa shati, na msimulizi anawaomba radhi waliokwisha kujiandaa kwa mabomu. Anaongeza jambo moja tu: humu ndani hakuna mtu anayelia. Wenye leso wazirudishe mfukoni.

Fundi alikuwa mpaka rangi wa kampuni moja ya ujenzi, na dari ndiyo ilikuwa fani yake. Wenzake walipenda kuta, kwa sababu kuta hazimdondoshei mtu rangi machoni. Yeye alipenda dari. Akiingia nyumba ya mtu, hata msibani, alitazama juu kwanza, na mkewe alikuwa na kazi ya kumfinya kabla hajasema lolote kuhusu waliopaka mara moja badala ya mara mbili. Siku ubao wa jukwaa ulipovunjika alianguka chali, na alipozinduka hospitalini neno lake la kwanza halikuwa "maji" wala jina la mtu. Alisema, "Hii dari ina unyevu."

Iliyoumia zaidi ni mishipa ya fahamu ya shingoni. Kwa nje Fundi alikuwa yule yule, kifua kipana, sauti ya kuamrisha. Lakini mikono yake ilishika kitu bila kujua imeshika nini. Kijiko, kalamu, kidole cha mtu, kwake vyote vilikuwa sawa. Miguu nayo ilimtii asubuhi ikamkana jioni.

Kampuni ya ujenzi ilikuwa imewakatia wafanyakazi bima. Mkataba ulisema kwamba mtu asiyeweza kufanya mwenyewe angalau mambo matatu kati ya sita ya kila siku atalipwa kila mwezi mpaka umri wa kustaafu. Mambo yenyewe hayakutaja rangi wala ngazi. Ni kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kutoka kitandani, na kutembea ndani ya nyumba.

"Ni mtihani wa kwanza duniani ambao ukipata sifuri unapewa zawadi," alisema binti yao. Huyu alikuwa nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni, na kwa sababu ya kupenda kusimama na kutoa matamko alikuwa akiitwa Spika. Wazazi wake, kwa kukata tamaa, wakawa Baba Spika na Mama Spika.

Utani uliishia hapo, kwa sababu barua ya kampuni ya ujenzi iliyoeleza hayo ilikuwa na sehemu ya pili. Bima ikikataa, Fundi arudi kazini mwisho wa mwezi, la sivyo ahesabike ameacha kazi kwa hiari yake. Kurudi kazini maana yake ngazi. Na ngazi maana yake jambo ambalo Mama Spika, kila alipofika hapo, aliliacha katikati ya sentensi akaenda kuangalia kitu jikoni.

Mtathmini wa kwanza aliyetumwa na bima alikuwa kijana mwenye viatu vinavyolia. Alipiga simu siku moja kabla kusema anakuja, na simu hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Nyumba iliyoambiwa kuna mgeni ni nyumba iliyotangaziwa hali ya hatari.

Mama Spika alideki sebule, akafua mapazia, akaazima viti viwili kwa jirani kwa kuwa vya kwake vilikuwa vimeshachoka kukaliwa. Asubuhi alimwamsha mumewe mapema. Alimshika chini ya kwapa akamketisha, akamwinua, huku akimweleza jinsi jirani alivyotaka kujua kila kiti kinakwenda kukaliwa na nani. Alimwogesha akiendelea na habari ya jirani. Akamnyoa. Kisha akamvika shati jeupe. Huyu mama, kabla ya ajali, alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na mikono ya shati hilo ilikuwa na kingo za kukatia karatasi. Alifunga vifungo mpaka cha shingoni, akainama akafunga kamba za viatu, na habari ya jirani ilipofika mwisho Fundi alikuwa amesimama mlangoni, bega limeegemezwa kwenye fremu kwa namna ambayo asiyejua angedhani anapunga upepo.

"Umependeza," mkewe akamwambia.

"Nimejitahidi," Fundi akajibu, na hakuwa akitania.

Kijana akafika, viatu vikilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Karibu sana, pita ndani, jisikie nyumbani. Mama Spika, chai ya mgeni!"

Kijana alikaa kwenye kiti cha jirani, akafungua makaratasi yake, akakohoa. "Nitakuuliza maswali ya kawaida tu, mzee. Unaweza kuoga mwenyewe?"

Fundi alimtazama mkewe, akamtazama binti yake, kisha akamtazama kijana huyo ambaye angeweza kuwa mwanawe wa kumzaa.

"Kwani nanuka?"

"Hapana, mzee! Hapana kabisa."

"Basi."

Kijana akaandika. "Na kuvaa?"

"Si unaniona? Au nimekupokea uchi?"

Kijana akaandika tena, haraka kidogo. "Kula je?"

"Anakula vizuri sana," akadakia Mama Spika, aliyelichukulia swali hilo kama tuhuma dhidi ya mapishi yake. "Hajawahi kubakisha."

"Na... samahani, mzee... kwenda chooni?"

Fundi aliinua mkono kama askari wa barabarani. "Mwanangu. Mama yako anajua kwamba unapita nyumba za watu kuwauliza mambo haya?"

Kijana alimeza mate na kuandika kwamba hapakuwa na tatizo. Alipoaga, Fundi hakukubali mgeni aondoke bila kusindikizwa. Aliinuka, yaani, mkewe alikuwa tayari ubavuni, mkono umepita nyuma ya kiuno chake, na wakaenda hivyo mpaka nje kama watu waliofunga ndoa juzi. Waliporudi, miguu ya Fundi ilitetemeka mpaka kiti cha jirani kikagonga sakafu.

"Nadhani tumefaulu," alisema, akihema.

"Tatizo ndilo hilo, Baba," akasema Spika, lakini kwa sauti ndogo.

Jibu lilikuja upesi. Spika alilisoma akiwa amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja mgongoni, kama kawaida yake.

"Mteja ni nadhifu—"

"Soma tena hapo," akasema mama yake.

"Mteja ni nadhifu, amevaa vizuri, viatu vimefungwa kamba."

"Wameandika mpaka viatu!"

"Ana hamu nzuri ya chakula. Hutembea ameshikana na mkewe kwa mahaba."

"Wameandika mahaba?"

"Hapana, hilo nimeongeza." Spika akateremsha macho chini ya ukurasa, na mkono uliokuwa mgongoni ukarudi mbele. "Mteja anamudu mambo yote sita. Kwa hiyo maombi yamekataliwa. Kuna nafasi moja ya kutathminiwa upya."

Fundi aliitazama mikono yake iliyolala juu ya mapaja, kana kwamba ilikwenda bima bila yeye ikatoa ushahidi wa uongo.

"Basi mwisho wa mwezi nitarudi," akasema.

"Utarudi wapi?" mkewe akauliza.

"Kazini. Si wamesema naweza? Wao ndio wasomi."

Mama Spika akaenda kuangalia kitu jikoni.

Jioni hiyo, Fundi alimwomba binti yake amletee brashi yake kubwa, ile ya dari, iliyokuwa imelala ndani ya ndoo tangu ajali. Spika alimwekea kiganjani na kumkunjia vidole kwenye mpini. Fundi aliinua mkono polepole kuelekea juu. Brashi ikaponyoka, ikaanguka sakafuni.

"Mpini umekauka," akasema Fundi.

Spika huwa na jibu kwa kila kitu. Walimu wake wameliandika hilo kwenye ripoti zaidi ya mara moja. Safari hii alisema tu, "Ndiyo, Baba. Umekauka," akaiokota na kuirudisha kwenye ndoo.

Kesho yake Mjomba aliitwa aje nyumbani. Huyu ni kaka yake Mama Spika, muuza vioo vya simu, mtu ambaye hajawahi kushindwa na tatizo lolote maadamu ni la mtu mwingine. Alikaa, akakunja nne, akatikisa kichwa.

"Shemeji, umefeli kwa sababu umefaulu."

"Sema Kiswahili, shemeji."

"Mtu wa bima anakuja kutazama mgonjwa, wewe unamwonyesha bwana harusi! Nani atakulipa? Mgonjwa lazima aonekane."

Hapa ndipo lilipozaliwa wazo la bandeji, na msimulizi anataka ieleweke wazi, isije ikaleta utata baadaye, kwamba wazo hilo lilikuwa la Mjomba. Binti alikuwa amekaa pembeni akisoma kitabu chake cha kemia, kama ilivyo desturi yake wakati wa likizo. Alikubali kuigiza kama mtathmini katika mazoezi baada tu ya kuombwa sana.

"Jina lako, mzee?"

"Aaah! Uuuwi, nakufa!"

"Baba, hilo ni jina tu. Anza kuugua kwenye kuoga. Haya, unaweza kuvaa shati mwenyewe?"

"Naweza."

"Baba!"

"Si naweza kweli? Hili nililovaa limeniparamia lenyewe?"

Wakati huo Mama Spika alikuwa akimrekebisha kola.

"Shemeji, wewe unaumwa au huumwi?" akauliza Mjomba.

"Naumwa."

"Haya, liseme kwa uchungu kidogo."

"Nikilisema kwa uchungu nitakuwa naigiza."

"Lakini si unaumwa kweli?"

"Ndiyo. Sasa kitu cha kweli nikiigize cha nini?"

Mjomba alishika kichwa kwa mikono miwili. Amekwisha kuwauzia watu vioo vilivyopasuka, lakini huyu shemeji yake alikuwa mzigo mwingine. Mwisho wakakubaliana kwamba Fundi asiseme lolote. Akae tu, na bandeji ndiyo iseme.

Mtathmini wa pili hakupiga simu. Barua ilisema saa nne, naye akafika saa tatu, jambo ambalo msimulizi analiona kuwa ni ukosefu wa uungwana.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mkoba mkubwa wa ngozi na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kabla ya kuajiriwa na bima alikuwa nesi kwa miaka mingi, na alikuwa na mwendo wa manesi, ule usiosikika mpaka umekufikia kitandani. Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi," alisema, akiwa amekwisha ingia.

Alichokiona ni hiki. Fundi yuko kitini, amevaa fulana na kaptula, uso wake umepakwa poda mpaka amekuwa na rangi ya ukuta unaosubiri kupigwa msasa. Mjomba amepiga magoti mbele yake, anaviringisha bandeji kwenye mguu wa kushoto, na amekwisha fika juu ya goti. Binti amesimama karibu na kopo la poda, kwa sababu zake binafsi.

"Hiyo bandeji ni ya nini?" mgeni akauliza.

"Ni ya... tahadhari," akasema Mjomba.

"Mguu umefanya nini?"

"Bado haujafanya kitu, mama. Ndiyo tahadhari yenyewe."

Mgeni alivaa miwani, akatoa faili mkobani, akasoma, akamtazama Mjomba kwa juu ya miwani. "Hapa naona shingo."

Mjomba alitazama mguu, akatazama shingo, kama mtu anayekadiria umbali.

"Mnajua kwamba ninaweza kuandika neno moja tu hapa, nikaondoka, na ikawa imekwisha?" akasema yule mama. Hakupandisha sauti. "Udanganyifu. Na hiyo ilikuwa nafasi yenu ya mwisho."

Mama Spika alikuwa ametokea jikoni, akasimama na kitambaa mkononi. Mwezi ulikuwa unaelekea ukingoni. Ngazi ilikuwa imesimama katikati ya sebule, haionekani, na kila mmoja aliiona.

"Andika, mama," akasema Fundi.

"Shemeji!"

"Acha niseme. Andika, ni haki yako. Ila uandike pia kwamba hawa si wezi. Wamehangaika tu. Mimi niliwaambia tangu mwanzo kwamba mambo yangu nafanya mwenyewe, hawakunisikia."

Yule mama alikuwa amekwisha funga faili. Aliposikia hayo hakulifungua, lakini hakulirudisha mkobani.

"Unafanya mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hata leo asubuhi?"

"Hata leo."

Akatoa leso, akamnyooshea. "Basi jifute kwanza hiyo poda, baba, tuongee kama watu."

Fundi alianza kuinua mkono. Kabla haujafika popote Mama Spika alikuwa ameshaipokea leso, ameshamfuta paji la uso, pua na kidevu, na alikuwa akimuuliza mgeni kama anatumia sukari. Mgeni akasema, "Kidogo." Akavuta kiti, akakaa.

Chai ikaja. Kikombe cha mgeni kilijaa; cha Fundi kilikuwa nusu, na kilikuwa kikombe kikubwa chenye mshikio mpana. Fundi alianza kueleza kwamba dari ile waliyokaa chini yake aliipaka yeye, na kwamba mtu akitaka kujua rangi nzuri asitazame katikati, atazame kwenye kona. Wakati anaeleza, mkewe aliyekaa kando alikuwa na mkono chini ya kiwiko chake. Kikombe kilipanda, kikashuka. Tone lilipochuruzika kidevuni lilifutwa. Maelezo ya kona hayakukatika hata mara moja. Mgeni hakuwa akitazama kona.

"Mama," akasema.

"Abee."

"Huu mkoba una vitu vyangu vya thamani, siwezi kuuweka chini. Nishikie. Kwa mikono miwili, tafadhali. Usiuache mpaka nikwambie."

Mama Spika aliupokea, akauweka mapajani, akaushika kama alivyoambiwa. Alidhani ni heshima.

"Baba, shati lako liko wapi?"

"Lile pale, kwenye mgongo wa kiti."

"Hebu vaa, nione, kisha niende zangu."

"Shati tu?" Fundi akacheka, akamkonyeza Mjomba. "Ningejua mtihani wenyewe ni huu, nisingepakwa unga."

Binti, msimulizi anaona ataje hapa, alikuwa amekwenda kuangalia kitu nyuma ya pazia la chumbani.

Fundi alilivuta shati. Vidole vilifika vikalala juu ya kitambaa, vikateleza, vikarudi. Mara ya pili alilikokota kwa kiganja mpaka likamwangukia mapajani. Alilisukuma, akaingiza mkono. Mkono ukatokea kwenye kola. Akautoa. Akaingiza tena, safari hii ukaenda sawasawa, na alipotaka kuupeleka wa pili nyuma, bega likagoma. Alijaribu kujipinda. Aliegemea upande. Aliligandamiza shati kwa kidevu kama alivyokuwa akigandamiza kitambaa cha kufutia rangi akiwa juu ya ngazi. Jasho lilianza kumtoka kwenye poda iliyobaki masikioni.

Kwenye kiti chake, Mama Spika alikuwa ameinuka nusu.

"Mkoba, mama," akasema mgeni, kwa upole.

Akakaa.

Hatimaye mkono wa pili uliingia. Shati likamkaa, limepinda, bega moja juu. Vikabaki vifungo. Fundi alikiendea cha juu kwa vidole vyote vitano, kama mtu anayetafuta kitu gizani chini ya kitanda. Alikipata, kikamponyoka. Akakipata tena, akakisukuma kwenye tundu ambalo halikuwa lake, kikakataa. Mjomba, ambaye hanyamazi hata kanisani, alikuwa ameinamia goti la shemeji yake akifungua bandeji taratibu sana. Na kwenye mapaja ya Mama Spika, vidole gumba viwili vilikuwa juu ya ngozi ya mkoba vikifanya kitu vyenyewe: vinasukuma, vinavuta, vinasukuma, vinavuta. Alikuwa anafunga vifungo.

Fundi aliviona.

Alivitazama vidole hivyo kwa muda, kisha akatazama kifungo chake, na mikono yake ikateremka.

"Hivi vifungo ni vipya?" akauliza.

"Ni vile vile, Baba Spika."

"Kwa hiyo... asubuhi..."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu utoke hospitali."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

Mama Spika alifikiri. Ilionekana wazi kwamba hata yeye hakuwa amewahi kujiuliza. "Nikwambie nini?" akasema. "Tulikuwa tunaongea."

Yule mama aliandika kitu. Halafu akauliza yale mengine: kuoga, kula, chooni, kitandani. Safari hii hakuna aliyeulizwa kama ananuka. Kwa kila swali Fundi alifungua kinywa kujibu kwa mazoea, akakifunga, akamgeukia mkewe. "Muulize yeye," akasema kwanza. La pili alisema, "Yeye ndiye anajua." Kwenye lile la chooni aliinamisha tu kichwa kuelekea upande alikokaa mkewe, na yule mama hakulirudia swali.

"Unaweza kuuweka chini sasa," akamwambia Mama Spika.

Mkoba ulitua sakafuni. Mama Spika hakungoja mgeni ainuke. Alipita moja kwa moja mpaka kwa mumewe, akalinyoosha bega la shati, akaanza na kifungo cha chini. Chumba kilikuwa kizito, na uzito huo ukamshinda.

"Jirani anataka viti vyake," akasema.

Fundi alikohoa. "Vyote viwili?"

"Vyote. Anasema kimoja kimelegea mguu."

"Kililegea kwake. Mwambie nilikikalia kikiwa tayari kimelegea."

"Mwambie wewe. Mimi nimechoka kubishana naye."

Na kifungo cha shingoni kikafungwa.

Jibu lilikuja kabla ya mwisho wa mwezi. Spika alilisoma akiwa amekaa. Mteja anahitaji msaada wa mtu mwingine katika mambo matano kati ya sita, malipo yameidhinishwa, kurudi kazini hakuhitajiki. Mjomba alisimama akatangaza kwamba bandeji imeshinda, na mpaka leo anawasimulia wateja wake hivyo. Mama Spika aliuliza kama safari hii wameandika "nadhifu". Hawakuandika. Ilimuuma kidogo.

Ngazi ya Fundi aliuziwa mpaka rangi kijana wa mtaa wa pili, pamoja na ndoo. Brashi ya dari haikuuzwa. Alisema mpini umekauka, nani atainunua. Na ipo tofauti moja nyingine katika nyumba hiyo, ndogo, ambayo mgeni hawezi kuiona. Asubuhi, mkewe anapofika kwenye vifungo na kuendelea na habari ya jirani, Fundi, aliyeyatumia maisha yake yote kutazama dari, hutazama chini.

Hapa hadithi ilikuwa imalizike kwa hotuba fupi ya shukrani. Lakini msimulizi alifanya kosa la kuisoma kwa sauti pale sebuleni, mbele ya wahusika.

"Kitabu cha kemia!" akafoka Mjomba. "Wewe mtoto unavaa miwani ya mbao! Bandeji yenyewe ilikuwa na muhuri wa bweni lenu! Na nani aliyeniambia, 'Mjomba, zungusha mpaka juu ya goti, ndiyo inatisha'?"

Msimulizi alisema kwamba hayo ni masuala ya tafsiri. Mama akasema tafsiri atazipata akiosha vyombo wiki nzima. Baba aliwaacha wacheke mpaka wakachoka.

"Umeandika hakuna aliyelia," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nami nilikuwa nahangaika na shati, sikuona vizuri. Lakini masikio hayakuumia. Nyuma ya pazia palikuwa na nani?"

Basi nakiri. Bandeji ilikuwa yangu, na poda ilikuwa yangu, na kemia sijaigusa tangu shule zifungwe. Nyuma ya pazia nilikuwa mimi, nimejiziba mdomo kwa upindo wake, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha baba yangu kulia "uuuwi" kwa kitu ambacho yeye hakuwahi kukilalamikia hata siku moja. Pazia nililifua mwenyewe jioni ile ile. Mama alilipiga pasi, akalirudisha mahali pake, na hakuniuliza lililowa nini.